Uisa (의사): daktari, shujaa, nia, baraza

Uisa, kwa hati ya hanguli 의사, ni umbo la Kikorea ambalo ndani yake mmekaa maneno kadhaa yasiyo na udugu wa maana. Yanayotumika zaidi leo ni manne: daktari, shujaa aliyeitetea haki kwa silaha akayatoa maisha yake, nia au utashi wa mtu, na majadiliano ya baraza. La tano, lenye maana ya kitu kinachofanana na kingine au kinachodhaniwa kuwa hicho, hukutwa zaidi katika maandishi ya tiba na sayansi. Kamusi kubwa za Kikorea huorodhesha zaidi ya vidahizo kumi vya umbo hili, vikiwemo vya nadra kama uisa ya mnyama anayejifanya mfu ili asiliwe, lakini hayo matano ndiyo yanayomkabili msomaji wa gazeti, mfasiri wa sheria na jamaa wa mgonjwa aliye mahututi.

Hili si neno moja lililopanuka, kama kichwa cha mtu kilivyozaa kichwa cha habari na kichwa cha treni. Ni maneno yaliyozaliwa mbalimbali, kila moja na ukoo wake, yakaja kukutana katika sauti. Msomaji wa Kiswahili anao mfano wa karibu. Neno ila lenye maana ya "isipokuwa" limetoka katika Kiarabu illā, na ila yenye maana ya "dosari" imetoka katika ʿilla, ambayo huanza kwa konsonanti ya kooni iitwayo ʿayn. Kiswahili hakina sauti hiyo. Kilipoyapokea maneno yote mawili tofauti ilianguka njiani, na leo twaweza kusema "hana ila, ila moja" na tukaelewana. Yaliyoipata ila mara mbili yameipata uisa mara tano na zaidi.

Matamshi

Ingawa kwa herufi za Kilatini huandikwa uisa, neno lina silabi mbili, si tatu: ui-sa. Silabi ya kwanza ni irabu mbili zilizoungana. Ulimi hurudi nyuma kama wa kutamka u, lakini midomo haiviringwi. Hubaki imetandazwa kama ya i. Kisha sauti huteleza upesi kuelekea i yenyewe. Kiswahili hakina irabu hiyo ya mwanzo, na mwanafunzi Mswahili aghalabu hutamka "wisa", jambo ambalo Mkorea hulielewa ingawa atatabasamu. Katika lahaja za kusini mwa Korea wazungumzaji wengi huiacha i ya pili, ikabaki ile irabu ya kwanza peke yake.

Kamusi sanifu huonyesha kwamba katika baadhi ya maneno haya silabi ya kwanza ni ndefu na katika mengine ni fupi. Tofauti hiyo imekwisha kufifia katika mazungumzo ya Seoul; vijana hawaitamki wala hawaisikii, na asiyesikia hawezi kuitumia kutenganisha maana. Jambo jingine la matamshi litahitajika huko mbele: herufi 의 inapofanya kazi ya umiliki, sawasawa na -a ya Kiswahili, hutamkwa kwa kawaida e. Hivyo 의사의 의사, yaani "nia ya daktari", husikika uisa-e uisa.

Herufi zilizo nyuma ya sauti

Zaidi ya nusu ya vidahizo vya kamusi ya Kikorea ni maneno yaliyojengwa kwa mofimu za Kichina, na kila mofimu ina herufi yake, ambayo Wakorea huiita hanja. Maneno tunayoyajadili huandikwa hivi: 醫師, daktari, 義士, shujaa wa haki, 意思, nia, 議事, majadiliano ya baraza, na 擬似 au 疑似, kinachofanana au kinachodhaniwa. Ayatazamaye kwa macho haoni hata mawili yanayoshabihiana.

Wala sikio la Mchina wa kale halikuyachanganya. Silabi za kwanza za maneno ya shujaa, majadiliano na dhana zilianza kwa sauti ya ng', ile ya ng'ombe. Za daktari na nia hazikuwa nayo. Kivietinamu, kilichokopa kutoka chemchemi ileile, kimeihifadhi tofauti hiyo hadi leo: nghĩa (haki), nghị (kujadili) na nghi (kushuku) zote huanza kwa ng', ilhali y (tiba) na ý (nia) hazina. Kijapani kiliigeuza ng' kuwa g, kikabaki na gishi kwa shujaa na giji kwa majadiliano, dhidi ya ishi kwa daktari. Kikorea kiliifuta kabisa ng' ya mwanzo wa silabi, na lahaja ya Seoul haina toni za kufidia hasara hiyo. Silabi za pili, 師, 士, 思, 事 na 似, nazo ziliishia zote kuwa sa. Zaidi ya hayo, sa ni nne (四) na sa ni kifo (死), ndiyo maana katika baadhi ya lifti za Korea kitufe cha ghorofa ya nne huandikwa F badala ya 4.

Hata hivyo Kikorea hakikuanzisha mgongano huu, kiliukamilisha tu. Katika Kichina cha Beijing cha leo, 義士 na 議事 yote mawili hutamkwa yìshì. Katika Kijapani, ishi ni daktari na ishi ni nia. Giji ni majadiliano na giji ni kinachofanana. Kila lugha jirani imevunja ukuta mmoja au miwili, na Kikorea kimevunja zote.

Daktari (醫師)

Hii ndiyo maana inayomjia Mkorea wa kawaida kwanza anapolisikia neno bila muktadha. Herufi 醫, tiba, ina sehemu ya chini 酉, mtungi wa pombe, kwa kuwa dawa nyingi za kale ziliroekwa katika kileo. Lipo pia umbo la kale, 毉, ambalo mahali pa mtungi pana herufi ya mpunga mapepo. Mswahili hatashangaa: neno mganga hadi leo humtaja mpiga ramli wa kijijini, na pia humtaja Mganga Mkuu wa Mkoa mwenye shahada ya udaktari na ofisi ya serikali.

Uisa kwa maana hii si neno kongwe sana katika matumizi ya Korea. Enzi ya Joseon tabibu aliitwa zaidi uiwon (醫員). Ndivyo alivyoitwa Heo Jun, tabibu wa kasri, ambaye kitabu chake kikuu cha tiba, Dongui Bogam, kilichapishwa mwaka 1613. Mwaka 1900 serikali ya Dola ya Korea ilitoa kanuni za matabibu, na humo iliandika 醫士, yaani uisa yenye 士, herufi ya msomi au muungwana. Mwaka 1913 utawala wa kikoloni wa Kijapani ulitoa kanuni mpya mbili. Waliosomea tiba ya Kimagharibi waliitwa 醫師, uisa yenye 師, herufi ya bwana fundi au mwalimu. Waliofuata tiba ya jadi walishushwa daraja wakaitwa uisaeng (醫生). Sikio halikusikia badiliko lolote kutoka 醫士 kwenda 醫師, lakini aliyekuwa ndani ya jina siku ya kwanza alijikuta nje siku ya pili. Ajabu ni kwamba 醫生, jina la waliodunishwa, ndilo jina la kawaida la daktari nchini China hadi leo.

Mabadiliko yasiyosikika hayakuishia hapo. Tabibu wa tiba ya jadi huitwa sasa hanuisa. Hadi mwaka 1986 han hiyo iliandikwa kisheria 漢, yaani "ya Kichina". Mwaka huo ikageuzwa kuwa 韓, "ya Kikorea". Fani nzima ilibadilishiwa uraia, na kwa hanguli hakuna nukta iliyosogezwa.

Herufi hiyo ya pili, sa, ina mambo yake. Wakorea huzungumzia "kazi za sa", yaani zile zenye heshima na kipato ambazo wazazi huzitamani kwa watoto wao na kwa wakwe zao, kwa sababu majina yake huishia kwa silabi hiyo. Lakini sa hizo si moja. Daktari, mfamasia (yaksa), mwalimu (gyosa) na muuguzi (ganhosa) wana 師. Wakili (byeonhosa) na mhasibu (hoegyesa) wana 士. Hakimu (pansa) na mwendesha mashtaka (geomsa) wana 事, "jambo" au "kazi", kwa kuwa majina yao yalianza kama majina ya shughuli za ofisi. Balozi (daesa) ana 使, "mjumbe". Muuguzi mwenyewe aliingia katika kundi hilo mwaka 1987. Kabla ya hapo aliitwa ganhowon, na won ni mtumishi tu, mmoja wa wafanyakazi.

Anayezungumza na daktari hamwiti uisa peke yake. Humwita uisa seonsaengnim, "daktari mwalimu mheshimiwa", au seonsaengnim tu. Desturi hii ya adabu, bila kukusudiwa, ni mojawapo ya nyenzo zinazomtenga daktari na wenzake wa sauti.

Shujaa wa haki (義士)

An Jung-geun, aliyezaliwa mwaka 1879, alimpiga risasi Itō Hirobumi, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa utawala wa Kijapani nchini Korea, katika kituo cha treni cha Harbin tarehe 26 Oktoba 1909. Alinyongwa huko Lüshun tarehe 26 Machi 1910. Kila kitabu cha shule cha Korea Kusini humwita An Jung-geun uisa. Cheo hufuata jina katika Kikorea, kama ambavyo cheo cha daktari hufuata jina lake; kwa hiyo kwa mtoto aliyekulia katika hanguli peke yake, jina hilo lina umbo lilelile la "Daktari An Jung-geun". Upo utani unaojulikana sana nchini humo kuhusu mwanafunzi anayeuliza alikuwa bingwa wa magonjwa gani.

Uisa wa aina hii hutofautishwa na yeolsa (烈士). Kwa matumizi yaliyozoeleka, uisa ni yule aliyechukua silaha dhidi ya adui akijua atakufa. Yeolsa ni yule aliyeonyesha msimamo wake mikono mitupu na kufa kwa ajili yake. Yi Bong-chang, aliyeurushia bomu msafara wa mfalme wa Japani mjini Tokyo tarehe 8 Januari 1932, ni uisa. Yun Bong-gil, aliyetupa bomu katika bustani ya Hongkou mjini Shanghai tarehe 29 Aprili mwaka uohuo, ni uisa. Msichana Yu Gwan-sun, aliyefia gerezani mwaka 1920 baada ya maandamano ya uhuru, ni yeolsa. Mpaka huu haukuchorwa kwa rula, na An mwenyewe wapo wanaopendelea kumwita jemadari, kwa kuwa mahakamani alijitetea kama askari aliyekuwa vitani, si kama muuaji.

Katika bustani ya Hyochang mjini Seoul yapo makaburi ya Yi Bong-chang, Yun Bong-gil na Baek Jeong-gi, na mahali hapo huitwa Makaburi ya Sam-uisa, "uisa watatu". Kando yao lipo kaburi la nne lililo tupu, lililotengwa kwa ajili ya An Jung-geun, ambaye mabaki yake hayajapatikana. Mgeni atakayetegemea kamusi ya mfukoni atasimama hapo akidhani anawaombolezea madaktari watatu.

Huko Japani herufi zilezile, zikisomwa gishi, humkumbusha mtu mashujaa arobaini na saba wa Akō, waliolipiza kisasi cha bwana wao mwanzoni mwa karne ya 18. Hivyo neno moja la heshima, ng'ambo hii ya bahari, ni la samurai, na ng'ambo ile ni la mtu aliyemuua waziri mkuu wa zamani wa Japani.

Jirani wa karibu wa neno hili ni uisa nyingine, 義死, "kufa kwa ajili ya haki", ambayo humo hupatikana uisaja (義死者): mtu aliyekufa akiokoa maisha ya mwingine pasipo kuwa huo wajibu wa kazi yake. Dola humtambua kwa sheria maalumu na familia yake hupewa stahili. Magazeti hulikwepa neno hilo na kupendelea uiin (義人), "mtu wa haki", ambalo halina utata. Ndivyo anavyoitwa Lee Su-hyun, mwanafunzi wa Kikorea aliyefariki tarehe 26 Januari 2001 katika kituo cha Shin-Ōkubo, Tokyo, alipojitosa relini kumwokoa Mjapani aliyeanguka.

Nia (意思)

Kwa Mchina wa leo, 意思 ni kwanza "maana": maana ya neno, maana ya sentensi. Kwa Mkorea ni nia, utashi, jambo ambalo mtu amekusudia au amelikubali moyoni. Ndilo neno lililomo katika uisa-sotong, mawasiliano, yaani kupitishana nia baina ya watu. Na ndilo nguzo ya sheria ya madai: Kanuni ya Madai ya Korea Kusini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1960, inajenga mkataba juu ya uisa-pyosi, "tamko la nia", dhana iliyotoka katika sheria ya Kijerumani ikapitia Kijapani.

Hapa ndipo mgongano huacha kuwa utani. Vyumba ambamo nia ya mtu hupimwa kwa uzito mkubwa kuliko popote ni vyumba vya hospitali, na humo daktari yumo. Chukua sentensi 수술할 의사가 없다 (susulhal uisa-ga eopda). Yaweza kuwa "hakuna daktari wa kufanya upasuaji". Yaweza pia kuwa "hana nia ya kufanyiwa upasuaji", au "hana nia ya kuufanya". Sarufi ni moja, sauti ni moja, herufi za hanguli ni zilezile. Na jamaa aliyeipokea sentensi hiyo kwa ujumbe wa simu hajui kama atafute hospitali nyingine au akae na baba yake amsihi.

Mwaka 2024 umma mzima ulionja utata huo. Mnamo Februari serikali ilitangaza kuongeza nafasi 2,000 juu ya 3,058 za kila mwaka katika vyuo vya udaktari, na madaktari wengi waliokuwa mafunzoni wakajiuzulu. Katika hali hiyo, maneno bokgwihal uisa-ga eopda yaliweza kusomwa "hawana nia ya kurejea" au "hakuna daktari atakayerejea", na masikitiko ni kwamba tafsiri zote mbili zilielekea kuwa za kweli.

Uzito zaidi umo katika sheria ya matibabu ya mwisho wa uhai. Tarehe 21 Mei 2009 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi hiyo iliruhusu mashine ya kupumulia iondolewe kwa bibi kizee aliyekuwa hana tena tumaini la kuzinduka, kwa hoja kwamba nia yake ingeweza kukisiwa kutokana na aliyoyasema na alivyoishi. Istilahi ya hukumu ilikuwa chujeongjeok uisa, "nia ya kukisiwa". Mjadala uliofuata ulizaa sheria iliyoanza kutumika tarehe 4 Februari 2018. Ibara yake ya 17 ina kichwa 환자의 의사 확인, hwanja-ui uisa hwagin: "kuthibitisha nia ya mgonjwa". Neno kwa neno, kichwa hichohicho chasomeka pia "kumthibitisha daktari wa mgonjwa". Na ndani ya ibara daktari anatajwa kweli, mara kwa mara, kama damdang-uisa, daktari mwenye dhamana. Ndiye anayeithibitisha nia hiyo, ama kwa hati aliyoiacha mgonjwa, ama, hati isipokuwepo, kwa maelezo yanayolingana ya wanafamilia wawili au zaidi pamoja na uthibitisho wa bingwa wa fani husika.

Mwanasheria hatakosea, amezoea. Lakini sheria hii iliandikwa hasa kwa ajili ya wasio wanasheria, wasomao fomu usiku, machozi yakiwa karibu. Kwamba anayeamua ni mgonjwa wala si daktari ndiyo roho ya sheria nzima, na neno lililochaguliwa kuibeba roho hiyo laweza kumtaja yeyote kati ya wawili hao. Kwa maoni yetu huo ulikuwa uchaguzi dhaifu, hasa kwa kuwa Kikorea kina neno lake la asili, tteut (뜻), lenye maana ya nia na lisilogongana na daktari hata kidogo. Hwanja-ui tteut ingemfikia kila mtu.

Baraza (議事)

Maana hii haina matatizo mengi, kwa sababu karibu kila mara huandamana na neno jingine: uisa-rok, kumbukumbu za kikao, uisa-bong, nyundo ya mwenyekiti, uisa-iljeong, ratiba ya kikao. Mashuhuri kuliko yote ni uisadang, jengo la baraza, kama lile la Bunge la Taifa lililokamilika mwaka 1975 katika kisiwa cha Yeouido mjini Seoul. Herufi 議 yenyewe ni 言, "kusema", iliyowekwa ubavuni mwa 義, ile "haki" ya shujaa.

La kuchekesha ni kwamba udaktari na ubunge vimegongana mara mbili. Zaidi ya uisa lipo neno uiwon: 議員 ni mbunge, 醫院 ni zahanati ya daktari binafsi, na 醫員 ni yule tabibu wa zamani. Mabango ya 의원 yamejaa katika mitaa ya Seoul. Anayeanza kusoma Kikorea kwa habari za siasa atadhani kila jengo lina mbunge ghorofa ya tatu.

Kinachodhaniwa (擬似, 疑似)

Herufi mbili hushindana hapa: 擬, kuiga, na 疑, kushuku. Ya kwanza hutumika kwa vitu vinavyofanana na halisi bila kuwa halisi, na ya pili kwa vile ambavyo haijathibitishwa kama ni vyenyewe. Lakini waandishi huzichanganya, na kwa hanguli hakuna anayejua wamechanganya.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Magonjwa ya Kuambukiza ina istilahi uisa-hwanja: mtu anayeshukiwa kuwa kimelea cha ugonjwa kimemwingia mwilini, lakini bado hajathibitishwa kuwa mgonjwa. Kwa anayeisoma mara ya kwanza, uisa-hwanja ni "daktari-mgonjwa". Mwaka 2015 ugonjwa wa MERS uliingia Korea Kusini, wakathibitishwa watu 186, na mlipuko wenyewe ulienea zaidi ndani ya hospitali. Miongoni mwa wagonjwa walikuwemo madaktari. Katika mwaka kama huo, tangazo linalotaja uisa-hwanja wangapi wamelazwa si mzaha. Vyombo vya habari vilijiokoa kwa kutumia uisim-hwanja, "mgonjwa wa kushukiwa", neno ambalo silabi moja tu iliyobadilishwa imelitoa katika utata.

Hoja ya hanja

Hanguli ilibuniwa na Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa mwaka 1446. Kwa karne nyingi maandishi ya wasomi yaliendelea kuwa ya Kichina, na hata katika karne ya 20 magazeti yalichanganya hanguli na hanja. Sheria ya mwaka 1948 iliagiza hati za serikali ziandikwe kwa hanguli. Mwaka 1988 gazeti la Hankyoreh lilianza kuchapishwa bila hanja, na mengine yakafuata polepole. Sheria ya Msingi ya Lugha ya Taifa ya mwaka 2005 inashikilia kwamba hati za umma ziwe za hanguli, na inaruhusu hanja ndani ya mabano palipo na haja. Waliotaka hanja irudishwe walifika Mahakama ya Katiba, ambayo tarehe 24 Novemba 2016 iliona kwamba kanuni ya hanguli haivunji katiba.

Katika kila duru ya mabishano hayo uisa huitwa kutoa ushahidi, na An Jung-geun hufufuliwa. Watetezi wa hanja husema: tazameni, taifa halijui tena kama shujaa wake alikuwa daktari. Watetezi wa hanguli hujibu kwamba hakuna azungumzaye kwa mabano, na bado watu huelewana mezani, sokoni na kwenye simu.

Jibu hilo lina nguvu, ila halimalizi. Mazungumzo yana sura ya msemaji, mkono, na nafasi ya kuuliza "unasemaje?", fomu ya hospitali haina. Kwa upande mwingine, hanja katika mabano humsaidia tu aliyekwisha kuijua, na asiyeijua huongezewa fumbo la pili juu ya la kwanza. Kinachofanya kazi katika lugha hai ni kile ambacho wazungumzaji wenyewe wamekifanya bila kungoja mahakama: kuliongezea neno kiambatani (seonsaengnim kwa daktari, sotong kwa nia, dang kwa baraza), au kuliacha na kuchukua jingine.

Kwa mfasiri

Anayefasiri kwenda Kiswahili aangalie kwanza kilicho kabla na baada ya neno. Likifuata moja kwa moja jina la mtu wa historia ya kati ya 1905 na 1945, karibu hakika ni 義士. Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo. "Shujaa" latosha katika habari za kawaida, na "shujaa wa haki" pale ambapo tofauti na yeolsa ina maana. "Shahidi" ni la kutumiwa kwa tahadhari, kwa vile litavuta maana ya kidini ambayo neno la Kikorea halina, na mahakamani litaeleweka kuwa mtoa ushahidi. Likitanguliwa na kitenzi chenye kiambishi -l au -eul na kufuatwa na itda au eopda, ni nia, isipokuwa pale muktadha unapohusu uhaba wa madaktari. Hapo usifasiri kabla ya kusoma aya nzima. Likiungana na hwanja bila kiunganishi, ni "mgonjwa anayeshukiwa". Likiunganishwa kwa -ui, kama katika ibara ya 17, mfasiri achague "nia ya mgonjwa" wala si "matakwa ya mgonjwa", kwa kuwa matakwa yaweza kukataliwa na nia, kwa mujibu wa sheria hiyo, haiwezi kupuuzwa.